Mke wa Kupunguzia Kodi

Hakuna mtu wa Songea anayeoa Januari. Januari mahindi yamefika magotini na yanadai mbolea, barabara za vijijini zimegeuka tope, na hata kuku wa kuchinjia wageni bado hawajanona. Harusi ni Agosti, mavuno yakishaingia ndani. Lukresia Komba alilijua hilo tangu akiwa mtoto. Kwa hiyo asubuhi ile ya sikukuu ya serikali, alipotoka shambani Maposeni gauni limelowa na miguu imejaa matope, akakuta viatu vya Valence barazani kwa baba yake na mwamvuli wa mshenga umeegemezwa ukutani, alisimama pale pale mvuani.

Furaha ndiyo iliyotangulia, nisimsingizie. Viatu vile alivijua, maana alivinunua yeye mwenyewe wakati mchumba wake anaondoka kwenda Korea Kusini kufundisha Kiswahili chuoni, na karibu miaka miwili ilikuwa imepita tangu avione. Lakini nyuma ya furaha lilikuja swali, na swali lile halikuwa na adabu hata kidogo. Juzi tu mwanamume huyu alimwambia kwenye simu kwamba anakwenda semina mji wa mbali, mtandao utasumbua, asiwe na wasiwasi. Semina gani hiyo inayofanyika Mjimwema, sebuleni kwa Mzee Leodegari Komba?

Ndani watu walikuwa wananong'ona. Aliposema hodi, manong'ono yakakatika.

"Karibu, mama," baba yake alijibu, kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa.

Lukresia aliingia. Mzee Osmund, mshenga, alikuwa kwenye kochi la dirishani na kikombe cha chai mkononi. Valence alisimama haraka hata akagonga meza. Alikuwa amekonda, na koti alilovaa lilikuwa zito mno kwa hali ya hewa ya hapa. Macho yao yakakutana. Kwa muda mfupi Lukresia alisahau matope, semina na wazee wote wawili. Alikumbuka tu jinsi alivyokuwa akiyakosa macho yale, jinsi alivyokuwa akilala na simu chini ya mto ili asikie sauti yake kabla hajaenda kazini. Mwili wake ulitaka kumkimbilia.

Kisha Valence akaangalia sakafu.

Hapo ndipo baridi ilipomwingia Lukresia. Mtu anayekupenda, ambaye hajakuona siku zote hizo, haangalii sakafu.

"Shikamoo baba. Shikamoo Mzee Osmund."

"Marahaba, mama. Marahaba," wazee waliitikia, mmoja akimkanyaga mwenzake maneno.

"Lukre," Valence alisema. "Nilitaka kukushtukiza."

"Umenishtukiza."

"Nenda kabadilishe nguo," baba yake aliwahi kuingilia. "Tuna mazungumzo kidogo hapa. Tutakuita."

Alibadilisha nguo kwa hasira, akapita moja kwa moja jikoni. Shangazi Devota, dada yake Mzee Leodegari, alikuwa anapaa samaki karibu kabisa na mlango wa sebuleni. Tangu mama yake Lukresia afariki, shangazi ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba ile, na hakuna neno lililosemwa sebuleni ambalo halikumfikia.

"Wanataka nini, shangazi?"

"Funga mlango kwanza." Shangazi alifuta kisu kwenye kanga. "Wanataka kesho baba yako na Osmund waende bomani wakakuandikishe."

"Wakaniandikishe nini?"

"Mke. Waseme wewe ni mke wa kimila wa Valence tangu siku ile walipoleta mahari. Wapewe cheti chenye tarehe ya siku ile."

Lukresia alikaa kwenye kigoda. "Tangu siku ya mahari? Na ndoa yetu ya Agosti kanisani?"

"Eti itakuwepo. Cheti ni cha haraka tu." Shangazi aliguna. "Sasa mimi najiuliza, mke gani asiyesindikizwa? Shangazi wa kukupeleka kwa mumeo ni mimi. Nimekupeleka lini? Nimelala Mpitimbi kwa wakwe zako akina Mapunda siku gani? Mbona miguu yangu haina habari?"

Siku nyingine Lukresia angecheka. Siku hiyo alikuwa na jambo lake moyoni ambalo hakuwa amemwambia mtu. Wakati wa Krismasi, Hilda, mwalimu mwenzake, alimvuta pembeni akamwambia habari aliyoisikia kwa kaka yake Jordan, anayesoma chuo kilekile anachofundisha Valence. Jordan alikwenda ofisini kulipa ada, na mwanamke wa pale, alipojua anatoka Tanzania, akamwuliza: mke wa Mwalimu Valence atakuja lini? Hilda alisema kwa nia njema, kama marafiki wanavyosema mambo ya kukunyima usingizi.

Sasa alimweleza shangazi yote. Shangazi aliweka kisu chini.

"Ameoa huko," alisema.

"Shangazi!"

"Au amempa mtu mimba. Wamembana, na sasa anatafuta cheti cha kukimbilia. Aonyeshe, jamani mimi nina mke nyumbani, tena wa siku nyingi. Wanaume nawajua. Haraka yote hii ya cheti si ya mapenzi."

Kabla Lukresia hajajibu, waliisikia simu ikiita sebuleni, kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa. Valence alitoka akasimama chini ya upenu, upande wa mahindi, akawa anaongea Kiingereza kwa sauti ya chini. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mwanamke.

"Ndiyo," Valence alikuwa anasema. "Mke wangu? Ndiyo, ndiyo, hajambo. Kesho. Nakuahidi, kesho nitakutumia."

Shangazi Devota hakujua Kiingereza, lakini aliuona uso wa mtoto wa kaka yake. Alimpokonya Lukresia mwiko aliokuwa ameushika bila kujua.

"Nenda," alisema. "Lakini usipige kelele. Majirani wa hapa wana masikio."

Lukresia alitoka. Mvua ilikuwa imepungua, matone yakidondoka kutoka kwenye bati mojamoja. Valence alipogeuka na kumwona, aliingiza simu mfukoni upesi, na upesi ule ndio uliomwumiza zaidi.

"Nani huyo?"

"Wa kazini."

"Hana jina?"

"Bi Han. Ni mhasibu wa chuo."

"Mhasibu anakuulizia hali ya mkeo?"

"Lukre, nisikilize..."

"Jordan naye aliulizwa. Mke wa Mwalimu Valence atakuja lini. Nimekaa na neno hilo tangu Krismasi, Valence. Nimefundisha nalo, nimepika nalo, nimesali nalo. Nikasubiri uniambie mwenyewe. Ukaniambia semina." Alifuta tone la mvua usoni. "Sasa niambie. Mke wako ni nani?"

"Ni wewe."

Neno hilo alikuwa amelingoja kwa miaka. Lakini lilisemwa na mtu aliyebanwa, na likamfikia bila utamu wowote.

"Mimi nani? Mimi ni mchumba wako."

"Kule nimekuandika mke." Valence alijipangusa uso kwa kiganja. "Ni mambo ya kodi."

Lukresia alicheka, kicheko kibaya. "Kodi! Wenzako wakibanwa husingizia pombe. Wewe umekuja na kodi."

"Naapa mbele ya Mungu. Hakuna mwanamke. Laiti angekuwepo, ningeona aibu ndogo kuliko hii." Alisogea hatua moja, akaona hakaribishwi, akabaki alipo. "Wewe mshahara wako unakatwa kodi kila mwezi, sivyo? Ukishakatwa imekwisha. Kule kila mwezi wanakata kwa kukadiria, halafu mwaka ukiisha mwajiri anakaa anapiga hesabu yako upya. Kama ulikatwa sana, unarudishiwa. Kama ulikatwa kidogo, unaongeza. Na hesabu hiyo haiwi sawa kwa watu wote. Mtu anayeishi peke yake anakamuliwa. Mwenye mke anayemtegemea anapunguziwa."

"Endelea."

"Januari ya kwanza nikaulizwa, una mke? Nilikaa na swali lile siku nzima. Nikakumbuka siku ya mahari, baba yako amesimama hapa uani, watu wote kimya, akamwambia mama yangu: kuanzia leo huyu ni mke wenu. Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mimi Mngoni, Lukre. Mzee akishasema vile mbele ya watu, mimi nani wa kusema sina mke? Nikaandika ndiyo. Nikaandika jina lako. Chumba kilikuwa na baridi, sina mtu wa kuongea naye, na kuandika Lukresia mahali palipoandikwa mke..."

Lukresia aligeuza uso upande wa mahindi. Alikuwa anampenda mjinga huyu. Alimpenda tangu chuo cha ualimu, na hata pale, na hasira zake zote, kifua kilimjaa alipomfikiria amekaa peke yake katika chumba cha baridi anaandika jina lake. Lakini kazi ya ualimu inamfundisha mtu kutoridhika na jibu la kwanza, hasa likiwa tamu.

"Wakakuamini?"

"Karani wa mwaka ule aliniamini kwa maneno. Safari hii ni Bi Han, na yeye haamini mtu. Anataka cheti."

"Chenye tarehe ya nyuma."

"Chenye tarehe ya mahari. Ikiwa ya Agosti, ataona nilidanganya."

"Na mimi hukuniambia kwa sababu gani?"

"Niliogopa utakataa."

"Kwa hiyo ulijua kwamba ni kitu cha kukataliwa."

Valence alipangusa matone kwenye mkono wa koti.

"Ukaja kwa siri," Lukresia aliendelea, "ukampitia mshenga, ukampitia baba, ili mimi niitwe mwishoni niambiwe mambo yamekwisha. Sasa nikuulize jambo moja, na usiangalie chini. Umesema anayepunguziwa ni mwenye mke anayemtegemea. Mimi sikutegemei. Uliandika nafanya kazi gani?"

Mvua ilirudi kidogo. Kuku mmoja alikuja kujificha chini ya upenu, akasimama kati yao.

"Valence. Mimi ni nani kwenye hayo makaratasi?"

"Niliandika huna kipato," alisema.

Lukresia hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alikuwa na miaka sita ya kufundisha baiolojia sekondari, darasa moja wanafunzi wamebanana mpaka dirishani. Mshahara wake ndio uliolipa mafundi wa nyumba waliyokuwa wanajenga Msamala kila hela za Korea zilipochelewa. Ni yeye aliyekuwa anasimama juani Jumamosi kuhesabu matofali. Na kumbe mahali fulani, kwa mwandiko wa mwanamume anayempenda, alikuwa mwanamke asiye na kazi anayesubiri kulishwa.

"Ilikuwa ni neno tu," Valence alisema kwa unyonge. "La kwanza, lile la mke, niliandika kwa moyo safi. La pili nilijua. Nilijua, Lukre, nisikufiche tena."

"Hela uliyorudishiwa ulifanyia nini?"

"Zile bati."

"Bati za nyumba yetu?"

"Ndiyo."

Lukresia aliikumbuka siku lori liliposhusha bati zile. Aliwapiga picha mafundi, akamtumia, akamwandikia maneno ambayo sasa hivi aliona aibu kuyakumbuka.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa, Mzee Leodegari akatokeza kichwa. "Mnaongelea mvuani kama hamna nyumba? Ingieni ndani. Osmund ana safari."

Waliingia. Lukresia hakukaa karibu na Valence, alikaa mkekani kama desturi inavyotaka, akatazamana na baba yake. Shangazi Devota alibaki mlangoni mwa jiko na kisu chake, na hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke.

"Baba, ameshanieleza," Lukresia alisema. "Nisamehe kama nitakukosea. Lakini kesho usiende."

Mzee Leodegari alikunja uso. Alikuwa mtu wa haki, anayeheshimika jumuiyani, na hakupenda kuambiwa kitu kilicholeta harufu ya uongo. "Mahari niliipokea mchana, mbele ya watu. Nilisema mwenyewe, huyu ni mke wenu. Nitakwenda ofisini nitasema nilichosema. Uongo uko wapi, mama?"

"Uongo hauko kwako, baba. Ulisema maneno ya baraka. Wao wanayataka yawe ushahidi."

"Ni karatasi tu, mwanangu," Mzee Osmund alisema, akitoa sauti yake ya kusuluhisha. "Karatasi haikuondolei kitu. Agosti mtafunga ndoa yenu kanisani, tutakula, tutacheza."

"Mzee wangu, Agosti padri atauliza. Nikishaandikishwa mke tangu siku ile, maana yake nimeishi na mume bila sakramenti. Wenzangu wakienda kukomunika mimi nitakaa kwenye benchi na walioacha ndoa zao. Nitamweleza nini padri? Kwamba nilikuwa mke wa kodi?"

"Hata mimi nauliza," shangazi alidakia kutoka mlangoni. "Osmund, bwana harusi wako alimchukua mtoto kwangu lini? Nani alipokea kanga ya shangazi?"

"Devota, tuache tuongee," Mzee Leodegari alisema.

"Ongeeni. Mimi napaa samaki."

Lukresia alimgeukia Valence. "Na serikalini? Mimi ni mtumishi. Nitakwenda kuapa kwamba nimekuwa mke siku zote hizi, wakati kwenye jalada langu nimejaza sijaolewa? Ulilifikiria hilo?"

"Sikulifikiria."

"Ulifikiria nini?"

"Nilifikiria Agosti." Valence alisimama, ilionekana hawezi tena kukaa. "Nikimwambia Bi Han ukweli, nitarudisha hela ya mwaka jana na faini juu yake. Kodi ya mwaka huu nitakatwa kama asiye na mtu. Mkuu wa chuo ataambiwa, na mkataba wangu unaisha mwezi wa pili. Huenda wasiniongeze. Nikikosa mkataba, Agosti hakuna harusi. Hakuna ukumbi, hakuna suti ya baba yako, hakuna kitu. Nimekuweka miaka miwili unanisubiri, watu wa hapa wameshaanza kuuliza kama nitarudi kweli. Niliogopa kurudi mikono mitupu, nikakupoteza."

Mzee Osmund alikohoa. Ndugu na marafiki walikwisha kuanza kuchangia harusi ile, na kila mtu mle ndani alijua maana ya kuwarudia watu hao na kuwaambia subirini.

Lukresia alimsikia mtu anayempenda akisema maneno ya kweli, na bado hakuwa na uhakika. Ndiyo hasara ya kudanganywa mara moja. Ukweli ukija nao unaukagua mfukoni. Vipi kama hakuna Bi Han wa uhasibu? Vipi kama shangazi hajakosea sana? Vipi kama machozi yale yaliyoanza kumlenga Valence yalikuwa ya kesho kukosa cheti, si ya kumkosa yeye?

"Nikuulize," alisema polepole. "Mimi unanioa kwa sababu gani? Maana leo, kwa mara ya kwanza, sijui. Sijui kama umesafiri mabara mawili kunifuata mimi, au umefuata lile punguzo."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Nionyeshe kwamba nimekosea."

"Nikuonyeshe vipi?"

"Huyo Bi Han yuko ofisini sasa hivi?"

Valence alitazama saa. "Kule ni jioni. Anakaribia kufunga."

"Mpigie kabla hajafunga. Weka laudispika, nisikie. Mwambie."

"Lukresia!" baba yake alishtuka. "Mama, fikiri. Mtu atafukuzwa kazi. Si angalau asubiri, atafute mtu wa kumshauri kule?"

"Baba, akisubiri atapata namna. Anajua sana kupata namna." Aliinuka kutoka mkekani. "Mimi niko tayari kuolewa na mwanamume asiye na mkataba. Nina mshahara wangu, tutakula. Bati tutazilipia pole pole, hata kama ni kwa kuuza mahindi. Lakini siwezi kulala chini ya zile bati na mtu ambaye sijui lini ataniandika kitu kingine bila kuniuliza. Ukipiga, nakusubiri hata miaka mingine miwili. Usipopiga, Mzee Osmund aondoke leo na ujumbe wa kurudisha mahari."

Shangazi Devota alitamka jina la Yesu na Maria, taratibu.

Valence alikuwa mwanamume mwoga, Lukresia alilijua hilo siku zote. Alikuwa mpole, mchapakazi, mwenye kuimba vizuri, na mwoga. Ndiyo maana alipoiona simu ikitoka mfukoni alidhani anataka tu kuangalia saa tena. Kisha akasikia mlio wa kuita, mbali, wa ajabu, ukijaa sebule nzima.

"Mwalimu Valence?" Sauti ilikuwa ya mwanamke mzima, yenye mafua, yenye kuchoka na siku. Haikufanana na sauti ya mwanamke ambaye Lukresia alikuwa akimwaza usiku tangu Krismasi. "Nilikuwa nafunga. Umepata cheti?"

"Hapana, Bi Han. Hakitakuwepo."

"Kesho, basi?"

"Hata kesho." Kiingereza cha Valence, ambacho siku zote kilikuwa laini, kilitoka kwa kukwama. "Sijaoa. Nina mchumba. Nilikosea kuandika mke, na kwa lile neno jingine sikukosea, nilidanganya. Yeye ni mwalimu. Ana mshahara wake. Hanitegemei mimi kwa chochote. Wakati mwingine mimi ndiye ninayemtegemea."

Mhasibu alipenga kamasi. "Unaelewa maana yake, Mwalimu? Utarudisha ulichopewa, pamoja na faini. Na mimi lazima nimwambie mkuu. Siwezi kunyamaza."

"Naelewa. Usinyamaze."

"Haya. Subiri nirekebishe hapa." Walisikia vidole vikigonga kompyuta, upande wa pili wa dunia, wakati hapa mvua inagonga bati. Mzee Leodegari alikuwa hajui wanasema nini, lakini aliuangalia uso wa binti yake na hakuuliza. "Kwa hiyo nikuandike nini? Bado huna mke?"

Valence hakuiangalia simu. Alimwangalia Lukresia.

"Ndiyo," alisema. "Niandike sina mke."

Simu ikakatika. Kama mtu angemwambia Lukresia asubuhi ile kwamba atamsikia Valence akitamka maneno hayo mbele ya baba yake na mshenga, angedhani ndiyo siku ya kufa kwake. Badala yake alijikuta analia, na kulia kwenyewe kulikuwa kutamu. Hakuna neno la mapenzi alilowahi kuambiwa, kwa simu wala kwa mdomo, lililokuwa limemgharimu Valence kiasi kile.

"Amesema nini?" shangazi alinong'ona.

"Amesema hana mke," Lukresia alijibu, akicheka huku akijifuta machozi kwa kiganja.

"Mungu wangu. Na wewe unacheka?"

Lukresia alivuka mkeka mpaka alipokuwa amesimama Valence, na simu bado mkononi, hofu ya alichokifanya imemjaa usoni. Alilishika lile koti zito kwenye ukosi, akamvua mabegani polepole, mbele ya wazee, bila aibu. Tangu afike, katika nyumba ile yenye desturi zake zote, hakuna mtu aliyekuwa amekumbuka kumwambia mgeni neno la kwanza analoambiwa mgeni.

"Pole na safari, Vale," alisema.